Simu Moja, Wanafunzi Themanini: Mwongozo kwa Mwalimu Asiye na Bando

Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya 2022, vishikwambi vilivyotumiwa na makarani wa sensa vilipelekwa shuleni Tanzania Bara na Zanzibar, vikakabidhiwa walimu. Kama shule yako ilipata, kitafute chako. Kama haikupata, au kimeharibika, simu janja iliyo mfukoni mwako inatosha kwa karibu kila jambo lililomo humu.

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa shule ya kawaida: darasa la wanafunzi themanini, umeme unaokatika bila taarifa, bando linalonunuliwa kwa pesa yake mwenyewe. Hauhitaji maabara ya kompyuta, na hauhitaji intaneti ukiwa darasani. Kila kinachohitaji mtandao utakifanya siku moja, mahali palipo na mtandao, kisha utakihifadhi.

Kwanza jiulize: kifaa kitafanya nini ambacho chaki haiwezi?

Chaki haiishiwi chaji, na ubao unaonekana mpaka dawati la mwisho. Ukichukua simu ili kuonyesha maandishi ambayo ungeweza kuyaandika ubaoni, umejipunguzia darasa. Kifaa kina faida katika mambo machache tu.

Kinatoa sauti ambayo si lazima itoke kinywani mwako wakati huo. Kinaonyesha kitu kinachotembea au kisichoonekana kwa macho, kama valvu za moyo zinavyofunguka na kujifunga. Kinahifadhi kazi za wanafunzi kama picha ili uzisome kwa utulivu jioni. Na kinabeba vitabu vingi kuliko kabati la shule.

Kama somo la kesho halihitaji hata kimoja kati ya hivyo, acha simu ofisini.

Anza na sauti, si video

Walimu wengi wakipata kifaa hukimbilia video. Ila kioo cha simu kina upana wa kiganja, na mtoto aliyekaa safu ya tatu haoni kitu. Sauti yenyewe inawafikia wote themanini kwa pamoja, inakula chaji kidogo, na faili lake ni dogo.

Njia hii si ngeni kwetu. Kenya ilifundisha Kiingereza kwa redio katika shule za msingi miaka ya 1980, na baadaye Zanzibar ikawa na kipindi cha watoto wadogo kilichoitwa Tucheze Tujifunze. Siri ya vipindi vya aina hiyo ilikuwa kimya: mtangazaji anauliza, ananyamaza, watoto darasani wanajibu kwa sauti, kisha anaendelea. Wewe unaweza kutengeneza cha kwako kwa kinasa sauti cha simu.

Faida kubwa ni hii. Ukisoma imla kwa kinywa chako, unabaki mbele ya darasa, macho kwenye kitabu. Imla ikitoka kwenye spika, wewe upo nyuma, unapita kati ya madawati. Unaona nani hajaandika neno, nani anachungulia kwa jirani, nani ameshika penseli vibaya. Mwalimu mwenye watoto wengi hapati nafasi hiyo mara nyingi.

*Hatua za kurekodi imla au zoezi la kusikiliza*

1. Andika kwanza, neno kwa neno, utakachosema. Usitegemee kubuni ukiwa mbele ya kinasa sauti.
2. Tafuta chumba chenye godoro, mapazia na nguo zilizotundikwa. Vitu laini vinameza mwangwi. Chumba kitupu chenye sakafu ya saruji kinafanya sauti isikike kama ipo kisimani.
3. Rekodi usiku au alfajiri kabla ya jogoo. Mvua ikipiga bati, ahirisha.
4. Weka simu katika hali ya ndegeni. Simu ikiita katikati, utarudia kazi yote.
5. Shika simu kando kidogo ya mdomo, umbali wa shibiri moja. Ukiiweka mbele kabisa ya midomo, pumzi za herufi P na B zitasikika kama mlango unaobamizwa.
6. Acha kimya cha kutosha. Kwa jibu la mdomo, hesabu moja hadi tano kimoyomoyo. Kwa maneno mawili au matatu ya kuandika, Darasa la Pili wape sekunde 15 au zaidi.
7. Usizidishe dakika tano. Zoezi likiwa refu, lipasue mara mbili.
8. Lipe faili jina utakalolielewa muhula ujao: D2-Kiswahili-imla-03. Ukiliacha na jina la tarehe lililopewa na simu, utalitafuta darasani huku watoto wakipiga kelele.

*Mfano wa maandishi ya kurekodi*

> Watoto, shikeni penseli. (Kimya, sekunde 5.)
> Sikilizeni tu, msiandike: Ng'ombe wa babu wanangoja maji ng'ambo ya mto.
> Sasa andikeni: Ng'ombe wa babu… (kimya, 15) …wanangoja maji… (kimya, 15) …ng'ambo ya mto. (Kimya, 15.)
> Someni mlichoandika huku mkisikiliza: Ng'ombe wa babu wanangoja maji ng'ambo ya mto. (Kimya, 10.)

Sentensi hiyo ina kazi yake. Inamlazimisha mtoto atofautishe ng' na ng mara tatu. Tengeneza za kwako kwa makosa unayoyaona kwenye madaftari: r na l, dh na z, th na s, kutegemea mahali ulipo.

Ukishazoea imla, fungua mlango zaidi. Mwombe bibi au babu anayeheshimika kijijini asimulie jinsi kijiji kilivyopata jina lake, umrekodi kwa idhini yake, kisha darasa lisikilize katika somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Gawanya simulizi vipande vya dakika tatu, na kila kipande kitanguliwe na swali moja ubaoni. Wazee wakisimulia huzunguka sana, na huo ndio utamu wao, lakini watoto wanahitaji kujua wanatafuta nini.

Kwa mwalimu anayefundisha madarasa mawili peke yake, rekodi ni msaidizi wa kweli. Darasa la Nne wanakaa chini ya mwembe na spika pamoja na kiranja, wanafanya zoezi la kusikiliza. Wewe upo ndani na Darasa la Tatu, mlango wazi, jicho moja nje. Dakika kumi na tano za namna hiyo ni nyingi.

Spika: mambo matatu yanayowakwamisha watu

Spika ya simu yenyewe haitoshi. Nunua au azima spika ndogo ya Bluetooth, au moja ya zile redio zenye tundu la flashi na memori kadi zinazouzwa kila mnada. Mimi napendelea redio. Haihitaji kuunganishwa na simu, na simu yako haihitaji hata kuingia darasani.

Ila redio hizo zina masharti yake:

- Aina ya faili. Nyingi husoma MP3 tu. Vinasa sauti vya simu nyingi huhifadhi M4A. Ukinakili faili la M4A kwenye flashi, redio itakaa kimya nawe utadhani imeharibika. Tumia programu ya bure ya kugeuza sauti kuwa MP3, au kwenye mipangilio ya kinasa sauti chako angalia kama unaweza kuchagua MP3 tangu mwanzo.
- Ukubwa wa kadi. Nunua ya GB 32 au pungufu. Kadi za GB 64 na kuendelea huja zimeandaliwa kwa mfumo unaoitwa exFAT, na redio za bei nafuu mara nyingi hazisomi mfumo huo. Zinataka FAT32. Usishawishiwe na muuzaji anayesema kubwa ni bora.
- Mpangilio. Redio haionyeshi majina ya mafaili, inakwenda ya kwanza, ya pili, ya tatu. Anza kila jina kwa namba: 01, 02, 03. Bandika karatasi yenye orodha mgongoni mwa redio.

Kabla ya somo, weka spika mbele, washa, kisha tembea mpaka dawati la mwisho usikilize mwenyewe. Mtoto mwenye tatizo la kusikia akae karibu na spika, sehemu anapoweza pia kuona mdomo wako unapofafanua.

Picha na video kwa darasa kubwa

Hapa hesabu inasema kila kitu. Wanafunzi 80, makundi ya watu wanane wanane, ni makundi kumi. Kipindi ni dakika 40. Kila kundi linapata dakika nne, na moja inaishia kwenye kusukumana. Kwa hiyo usijaribu kuwapitisha wote kwenye kishikwambi ndani ya kipindi kimoja.

Fanya hivi badala yake:

1. Chagua video au picha moja kwa wiki nzima, isiyozidi dakika tatu.
2. Andika ubaoni Jumatatu swali litakalojibiwa na video hiyo. Kwa mfano: damu ikitoka kwenye mapafu, inarudi upande upi wa moyo?
3. Kila siku, wakati wengine wanafanya zoezi kwenye madaftari, makundi mawili yanakwenda kwenye meza ya kishikwambi, moja baada ya jingine.
4. Kila kundi linatazama mara mbili. Mara ya kwanza kimya, mara ya pili wakisimamisha na kubishana.
5. Kundi linaandika jibu kwenye karatasi na kukukabidhi. Usiseme jibu mpaka Ijumaa.

Hatua ya tano ni ngumu kuilinda, maana watoto wataambiana uwanjani. Waache waambiane. Mtoto anayemweleza mwenzake moyo unavyofanya kazi wakati wa mapumziko anajifunza mara ya pili.

Projekta, kwa maoni yangu, inasifiwa kupita kiasi katika shule zetu. Inataka giza, na madirisha yetu yamejengwa kuingiza mwanga na hewa. Inataka umeme usiokatika, na taa yake ikiungua ni gharama. Kama shule ina televisheni ofisini kwa mwalimu mkuu, inatumika kwa urahisi kuliko projekta: kompyuta mpakato, waya wa HDMI, na watoto arobaini arobaini wanatazama vizuri.

Vitu vya kupakua ukipata mtandao

Panga siku moja kwa mwezi. Nenda penye mtandao mzuri ukiwa na orodha, pakua, rudi.

- Vitabu vya kiada vipo Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Angalia mwaka wa toleo kabla ya kutumia. Mtaala ulioboreshwa ulianza kutekelezwa kwa awamu Januari 2024, na vitabu vya mtaala wa zamani bado vinazunguka kwenye makundi ya WhatsApp vikiwa na majalada yanayofanana na mapya.
- African Storybook, mradi wa Afrika Kusini, una vitabu vya hadithi vya watoto kwa Kiswahili na lugha nyingine nyingi za Afrika. Leseni yake inaruhusu kunakili na kuchapisha bure. Chapisha kurasa chache kwa watoto wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu), ziwekwe kwenye mfuko wa nailoni zisichafuke.
- Kiwix ni programu ya bure inayokuwezesha kusoma Wikipedia nzima ya Kiswahili bila mtandao. Inafaa kwa sekondari. Makala zina ubora tofauti, kwa hiyo soma kwanza mwenyewe.
- PhET, kutoka Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani, hutoa majaribio ya fizikia na kemia ya kuchezea kwenye kompyuta. Kila jaribio unaweza kulihifadhi kama faili moja linalofunguka kwenye kivinjari bila intaneti. Kwa shule isiyo na maabara, jaribio la saketi za umeme linafaa kuanzia nalo.
- Katuni za Ubongo Kids, zinazotengenezwa Dar es Salaam na kuonyeshwa tangu 2014, zinafundisha hesabu na sayansi kwa Kiswahili ambacho mtoto wa Mbeya na wa Pemba wote wanakielewa.

Shule yenye kompyuta tano au zaidi itazame Kolibri. Ni programu ya bure inayofanya kompyuta moja iwe maktaba, na nyingine zinasoma kutoka kwake kwa Wi-Fi ya ndani, bila intaneti. Kuisimika kunahitaji mtu mwenye uzoefu kidogo wa kompyuta na nusu siku ya utulivu.

Kuhusu programu za akili mnemba zinazotunga maswali na maandalio ya somo: zinaokoa muda, na zinakosea kwa kujiamini. Hukosea ngeli, hubuni methali ambazo hakuna bibi aliyewahi kuzisema, na huweka matukio ya historia katika mwaka usio wake. Soma kila swali kabla halijafika ubaoni.

Kamera: msaidizi wa kusahihisha

Madaftari themanini hayabebeki kwenda nyumbani kila siku. Kila jioni piga picha za kurasa kumi, zikizunguka darasa zima ndani ya siku nane. Funika jina kwa kipande cha karatasi. Usiku, tazama kosa lipi linajirudia. Kesho yake liandike ubaoni kama lilivyo na uulize: nani anaona tatizo?

Usionyeshe picha yenyewe darasani, hata bila jina. Watoto wanajuana miandiko. Na picha za juma lililopita zifute, zisije zikajaza simu ukakosa nafasi ya kurekodi.

Makosa yanayorudiwa

*Kuiacha video ifundishe.* Dakika ishirini za video ni dakika ishirini za mwalimu kupumzika. Simamisha kila baada ya dakika moja, uliza, waache wakisie kinachofuata.

*Kutafuta mtandao darasani.* Kama hakijahifadhiwa kwenye kifaa, hakipo.

*Kuonyesha simu yenye ujumbe wako binafsi.* Ujumbe wa kikoba au wa mdai unaweza kujitokeza juu ya picha ya moyo wa binadamu, mbele ya watoto wote. Hali ya ndegeni inazuia aibu hiyo.

*Kutangaza matokeo kwenye kundi la wazazi.* Orodha ya majina na alama ikitumwa WhatsApp, mtoto wa mwisho ametajwa kijiji kizima. Mtumie kila mzazi matokeo ya mwanawe peke yake. Kumbuka pia wazazi wenye simu za vitufe: jambo muhimu litumwe kwa SMS ya kawaida au barua, vinginevyo mnajadiliana na wenye uwezo tu.

*Kurusha picha za watoto mtandaoni.* Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na Kenya ina yake ya 2019. Picha ya mtoto ni taarifa yake binafsi. Hupigi wala huitumi bila ridhaa ya mzazi, na darasani kwako huna haja nayo.

*Kukiacha kifaa juani.* Betri inachoshwa sana na joto. Dirishani na juu ya meza iliyo chini ya bati lisilo na dari si mahali pake. Vumbi la chaki nalo huziba tundu la chaji. Mfuko wa kitambaa unatosha kukizuia.

Juu ya chaji: powabenki iliyoandikwa mAh 10,000 haikupi zote, nyingine hupotea njiani. Tarajia kujaza simu ya mAh 5,000 mara moja na kidogo. Kama shule haina umeme, hiyo ni siku mbili za masomo ya sauti.

Orodha ya kukagua usiku kabla ya somo

☐ Najua kifaa kitafanya nini ambacho chaki haiwezi.
☐ Faili limehifadhiwa, nimelifungua na kulisikiliza au kulitazama mpaka mwisho.
☐ Chaji ya simu na ya spika imejaa.
☐ Swali la kuandika ubaoni kabla ya kuwasha lipo tayari.
☐ Maswali mawili ya kupima mwishoni yapo tayari.
☐ Umeme au kifaa kikigoma, najua nitafundisha nini kwa chaki.

Mstari wa tano usiuruke. Maswali mawili ya mwisho ndiyo yatakayokuambia kama kifaa kimesaidia. Wakipata chini ya walivyozoea, rudia somo kwa njia ya kawaida na utafute kilichokwama: mara nyingi sauti haikufika nyuma, au rekodi ilikwenda mbio kuliko mikono ya watoto. Wakipata zaidi, hifadhi faili na umpe nakala mwalimu mwenzako wa mkondo B.

Na mwalimu mkuu anayesoma haya: fungua kabati. Weka daftari la kuazima vifaa, mwalimu asaini anapochukua na anaporudisha, na usimtishe kwa kumwambia atalipa kikikwaruzwa. Wewe mwalimu wa darasa, usingoje semina. Leo usiku andika sentensi nne za imla, zirekodi, na Jumatatu uzipeleke kwa Darasa la Pili.